Mwendo wa Wastani katika Njia ya Morogoro

Mwendo wa wastani, yaani umbali wote uliosafiriwa ukigawanywa kwa muda wote uliotumika, ulikwisha kukokotolewa katika njia ya Morogoro zamani za misafara. Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo hadi Simbamwene, mji wenye boma ulioanzishwa na chifu Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, mahali pa Morogoro ya leo, akahesabu maili 119, ambazo ni takribani kilomita 192, zilizotembewa kwa hatua 14 zilizoenea katika siku 29 kwa sababu ya masika na ya kuchelewa kwa mmojawapo wa misafara yake. Tarakimu hizo hutoa majibu mawili: karibu kilomita 14 kwa kila siku ya kutembea, lakini chini ya kilomita 7 kwa siku zote zikijumlishwa pamoja na za kungoja.

Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, na ile ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, zilipunguza siku kuwa saa, ila kanuni haikubadilika. Hata katika lahajedwali, yaani programu ya kompyuta inayopanga tarakimu katika safu, jumla ya umbali hugawanywa kwa jumla ya muda, kwa kuwa wastani wa mwendo wa vipande visivyolingana muda hupotosha.