Ndizi, Chungwa na Katiba

Novemba 21, 2005, Mkenya aliyeingia kituoni kupiga kura ya maoni alipewa karatasi yenye matunda mawili: ndizi kwa anayeikubali rasimu ya katiba, chungwa kwa anayeikataa. Alama hizo zilimsaidia asiyejua kusoma. Ila kampeni ilipopamba moto, rasimu yenyewe ilisahaulika, yakabaki matunda.

Ugomvi ulianza mapema. Rasimu ilitoka kwa wajumbe wa mkutano wa katiba wa Bomas ikiwa na waziri mkuu mwenye meno; ilipopita kwa wabunge na kwa Mwanasheria Mkuu Amos Wako, meno yaling'olewa. Raila Odinga na wenzake, mawaziri wa serikali ya Rais Mwai Kibaki, wakaona wamechezewa shere. Tangu hapo, aliyemchukia Kibaki alipiga chungwa, aliyempenda akapiga ndizi, na masuala ya ardhi na mahakama za kadhi yakabebwa humohumo. Rasimu nzima, jibu moja!

Chungwa lilishinda kwa takriban 58%. Kati ya mikoa minane, ni Mkoa wa Kati tu, nyumbani kwa Kibaki, uliokubali.

Sifa moja haiwezi kunyimwa kura ile: rais aliwauliza wananchi, wakamkatalia, naye akakubali matokeo. Lakini siku mbili baadaye alilivunja baraza la mawaziri. Kambi ya Chungwa ikageuka chama, ODM, na mpasuko ule ukaingia mzimamzima katika uchaguzi wa 2007, ambao ghasia zake ziliua zaidi ya watu 1,000.

Agosti 4, 2010 Wakenya waliulizwa tena, kuhusu rasimu mpya. Safari hii matunda yaliachwa, zikaja rangi: kijani ya kukubali na nyekundu ya kukataa. Makanisa yalipinga vifungu vya utoaji mimba na mahakama za kadhi, na William Ruto, akiwa waziri, aliongoza wekundu. Hata hivyo Kibaki na Odinga, wakiwa tena katika serikali moja, walisimama jukwaa moja. Kijani kilipata karibu 69%, Bonde la Ufa pekee likikataa.

Siku nne kabla yake, Zanzibar ilipiga kura kama hiyo kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na takriban 66% wakakubali. Huko pia wakubwa walikuwa wamekwisha kupatana: Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani Seif Sharif Hamad walikutana Novemba 2009. Kura ilitia muhuri maridhiano yaliyokuwapo. Ile ya Kenya ya 2005 ilitakiwa iyazae, ikashindwa.

Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu wananchi kuanzisha mabadiliko wenyewe kwa saini milioni moja. Rais Uhuru Kenyatta na Odinga walipoupitisha BBI, mpango wao wa kubadilisha katiba, kwa mlango huo, Mahakama ya Juu iliamua Machi 2022 kwamba rais hawezi kuutumia, kwa kuwa ni wa raia. Kura ya maoni ya BBI haikupigwa.