Teksi ya Nakivubo haina mita

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi akifika Kampala na kuulizia teksi, ataelekezwa kwenye bonde la Nakivubo. Huko, kando ya uwanja wa mpira na soko la Owino, atakuta HiAce nyeupe zenye mkanda wa miraba ya bluu ubavuni, kila moja ya abiria 14, na makonda wakiita Ntinda na Kireka kwa sauti za kushindana. Kwao Tanzania hiyo ni daladala, Kenya ni matatu. Hapa ni teksi, au takisi kwa ulimi wa Kiganda. Lile gari dogo la kukodi peke yako, alilokuwa akilitafuta, huitwa spesheli.

Baadhi ya wageni hudhani Waganda wamekosea Kiingereza. Hawakukosea. Neno hili limekuwa likibadilika tangu lizaliwe, na lilizaliwa na mashine. Katika Kilatini cha zama za kati taxa ilikuwa tozo. Mwaka 1891 Mjerumani Friedrich Bruhn alibuni kifaa cha kupima mwendo wa gari la farasi na kuonyesha nauli, kikaitwa taxameter. Mwaka 1897, mjini Stuttgart, kikafungwa kwenye gari la Daimler lenye injini. Wafaransa walikiita taximètre. Mwaka 1907 Harry Allen aliingiza New York magari ya Kifaransa yenye kifaa hicho, na London nayo ikayalazimisha magari yake kuwa nacho. Watu wakakata jina, ikabaki taxi.

Teksi ya Nakivubo imefikaje bila mita? Naamini jibu limo katika miaka ya 1960 na 1970. Mabasi ya Kampala yalikuwa ya kampuni ya UTC, na pembeni yake zilikuwapo Peugeot 404 ambazo abiria walichangia, kila mtu akilipia kiti chake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, biashara zikaporomoka, vipuri vikaadimika na mabasi yakazidi kupungua. Watu walihitaji kufika kazini, wakabanana kwenye chochote kilichotembea. Baadaye mabasi madogo ya Kijapani yaliporithi abiria wa Peugeot, yalirithi na jina. Mwaka 1986 wenye magari na madereva walipounda chama chao, UTODA, neno teksi liliingia katika jina la chama, na chama hicho kikasimamia paki za jiji, yaani vituo vya teksi, kwa zaidi ya miaka 20, hadi zilipoingia mikononi mwa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala.

Majirani walikwenda njia nyingine, lakini si mbali. Matatu inatokana na sarafu tatu za senti 10 zilizokuwa nauli ya Nairobi. Daladala inatokana na dala, jina la mtaani la shilingi 5, nauli ya Dar es Salaam miaka ya 1980. Na teksi, kama tulivyoona, ni tozo. Miji mitatu iliyaita magari yake kwa pesa inayotoka mfukoni mwa abiria, na hilo halinishangazi, maana kwa mtu wa kipato kidogo nauli ndiyo habari kubwa ya safari. Jina ambalo Kampala ilijitungia yenyewe ni kamunye, yaani mwewe, kwa jinsi magari haya yalivyonyakua abiria barabarani.

Uber ilipoingia Kampala mwaka 2016, kipimo cha umbali kilirudi, safari hii ndani ya simu. Kwa maana ya mwaka 1907 hiyo ndiyo teksi halisi. Kampala iliiweka kwenye kundi la spesheli.

Linaloniuma ni nauli. Kwenye teksi ya paki bei haipimwi wala haibandikwi mlangoni; hutamkwa na konda, na mvua ikinyesha jioni hupanda watu wakiwa wamesimama na mizigo yao. Paki Kuu ya zamani ilifungwa mwaka 2020 ili ikarabatiwe. Ukarabati wa aina hiyo ungeanza na kibao cha nauli kwenye kila steji, kwa sababu hadi leo abiria mzoefu wa Nakivubo huuliza "ssente mmeka?" kabla hajatia mguu ndani.