Jicho la Deraya na Usiku wa Lanet

Magari ya deraya ya upelelezi ya Waingereza huandikwa mara nyingi kana kwamba ni vifaru vilivyokosa minyororo. Kosa huanzia hapo. Gari hilo lilikuwa jicho, na anayelipima kwa bunduki yake hataielewa historia yake, Uingereza wala hapa Bonde la Ufa. Chukua Ferret, ambalo Daimler wa Coventry walianza kulitoa mwaka 1952. Jina lake ni la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, anayetiwa shimoni kumtimua sungura. Lilibeba watu 2: dereva mbele, na nyuma yake kamanda mwenye redio na bunduki moja ya rashasha. Ukitaka kujua nia ya waliolibuni, tazama gia. Dereva huchagua gia kwa mkono kwanza, kisha hukanyaga kanyagio ndipo ishike. Na gia zote 5 za kwenda mbele zinapatikana pia kwa kurudi nyuma. Gari la kusimama na kupigana lina haja gani ya kukimbia kinyumenyume? Hili lilitakiwa kuchungulia kona, kuona, na kutoweka kabla adui hajalenga.

Kuna atakayepinga kwamba raia wa koloni, akiwa kando ya barabara, hakuona jicho bali aliona ngumi. Pingamizi hilo lina uzito, kwani deraya ilitembezwa makusudi ili itishe. Lakini watu 2 hawawezi kushuka wakapekua kijiji au kulinda daraja usiku kucha. Nguvu yao ilikuwa redio: nani ataitwa, na atafika baada ya muda gani. Hata mwaka 1941, majeshi yaliyotoka Kenya yalipoingia Mogadishu tarehe 25 Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, deraya zilitangulia kutafuta njia, na walioishikilia nchi walikuwa askari wa miguu waliofuata kwa malori.

Sasa tuje Lanet, kambi ya jeshi karibu na Nakuru. Januari 1964, Kenya ikiwa na uhuru wa wiki 6 tu, askari waliasi Tanganyika tarehe 20 na Uganda tarehe 23. Jioni ya tarehe 24 ikawa zamu ya Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles. Askari wa vyeo vya chini walimngoja Waziri Mkuu Jomo Kenyatta kwenye televisheni, wakitumaini habari njema za mshahara. Hakuonekana; huenda hotuba ilikuwa ya redio tu. Wakavamia ghala la silaha. Waliokuja kuwazima walikuwa Waingereza wa kikosi cha mizinga cha Royal Horse Artillery waliokuwa Gilgil, mwendo wa chini ya kilomita 40 kupitia Elementaita na Mbaruk. Kilichoamua mambo ni ukaribu wa barabara ile, si unene wa chuma. Lakini huko Tanganyika, kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, ilibidi makomando wa Kiingereza washushwe kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Na kwa upelelezi, Lanet ni aibu tupu: jicho lililotengenezwa kuona ng'ambo ya kilima halikuwa na tundu la kuchungulia bwenini. Askari 43 walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi, Kikosi cha 11 kikavunjwa, na 340 walioonekana hawana hatia wakaunda Kikosi cha 1 cha Kenya Rifles.

Pingamizi la mwisho ni la Wakenya wenyewe: kama gari hili ni jicho, mbona katika miaka ya 1970 jeshi letu lilinunua deraya za Panhard AML za Ufaransa, nyingine zikiwa na mzinga wa milimita 90? Jibu liko mpakani. Somalia ilikuwa na vifaru vya Kisovieti, na mwaka 1977 ikaingia vitani Ogaden. Mpelelezi wa wakati huo alihitaji kitu cha kumzuia adui hadi vifaru vyetu vifike. Ngumi iliongezwa, jicho halikung'olewa. Kikosi cha 76 cha deraya kilichoko Gilgil bado kina neno upelelezi katika jina lake, na maofisa wake wanafunzwa Lanet, katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya.