Bakteria wazuri na chembe za nano: nini inasaidia kweli miche ya mboga?

Kila msimu C, wakulima wengi wa mabonde ya Kivu wanatengeneza pepinyeri za nyanya, shu, kitunguu na poaro. Mche ukitoka zaifu pale, hata uongeze mbolea nyuma, mavuno yatakuwa madogo. Ndiyo maana inafaa kujua vitu viwili vinavyosifiwa siku hizi kwa kukuza miche.

Bakteria wazuri ni nini?

Ni vijidudu hai vinavyokaa karibu na mizizi. Si bakteria wote wanaleta ugonjwa. Wale wanaoitwa Bacillus na Pseudomonas wanaweza kufungua fosfori iliyokwama ndani ya udongo, kutoa vitu vinavyofanya mizizi iongezeke, na kuzuia nafasi ya vijidudu vibaya. Hiyo ni muhimu kwa udongo mwekundu wenye asidi, kama ule wa Walungu, ambamo chuma na alumini vinashika fosfori.

Rizobiamu ni wengine: wanafanya kazi na maharagi na soya, si na shu wala nyanya. Mradi wa N2Africa uliwatumia Kivu Kusini. Pasua kivimbe cha mzizi wa maharagi: kikiwa chekundu ndani, wanafanya kazi.

Na chembe za nano?

Hizi haziko hai. Ni unga wa zinki, chuma, silika ao feza, uliotengenezwa ili chembe moja iwe kati ya nanometa 1 na 100. Unywele wa mtu uko na upana wa nanometa karibu 80 000! Juu ya udogo huo, chembe zinafika haraka kwa mbegu na mizizi. Zinki kidogo inaweza kusaidia mbegu kuota na majani kuwa kijani.

Lakini kipimo kikizidi, dawa inageuka sumu. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba gramu 2 za zinki ya nano ndani ya litre 1 ya maji zilisimamisha karibu kabisa mizizi ya letisi, kokombre na mahindi.

Je, tunaweza kuvichanganya?

Inategemea. Zinki ao silika kidogo sana inaweza kuendana na Bacillus. Feza, hapana: inaua bakteria, wabaya na wazuri pamoja. Utakuwa umelipa mara mbili kwa kazi ya bure.

Mbele ya kutoa pesa

Uliza jina la kitu kilicho ndani, kipimo na tarehe ya mwisho. Sashe isiyoandikwa hayo, uiache. Bakteria wakikaa kwenye jua ku soko, wanakufa. Usiwachanganye na dawa yenye shaba. Maji ya robine yenye klori, yaache wazi siku moja kwanza. Unga wa nano usiupumue: funika pua na mdomo.

Kisha pima mwenyewe. Tengeneza matuta mawili madogo: mbegu moja, siku moja, maji sawasawa, moja weka dawa, lingine mbolea ya kawaida iliyooza vizuri. Nyuma ya wiki nne, ng'oa miche kumi kila upande, linganisha mizizi. Kama hakuna tofauti, pesa yako ibaki mfukoni, na mbolea yako iendelee kufanya kazi.