Jumla Inapomeza Majina

Neno tensa lisikutishe. Kama umewahi kuchungulia daftari la mauzo la duka lolote pale Mtaa wa Kongo, umeshaiona. Chukua maduka 2, bidhaa 3, siku 6: unapata vyumba 36, kila kimoja na namba yake. Maduka ni mhimili mmoja, bidhaa ni wa pili, siku ni wa tatu. Basi tensa ndiyo hiyo. Ukijumlisha siku zote, mhimili wa siku unapotea, zinabaki namba 6. Jumlisha na maduka, zinabaki 3. Malizia bidhaa, unabaki na namba moja tu, ile anayoitaka tajiri jioni.

Wataalamu wa kompyuta wanaita kazi hii kupunguza. Mimi napenda kusema kukunja, maana nimekulia kwenye vitenge, na kitenge kikikunjwa maua ya ndani huyaoni. Ila kitenge utakikunjua. Jumla haikunjuki. Ukipewa 240 peke yake, huwezi kujua ni 120 na 120 au ni 239 na 1.

Aliyeipa kazi hii alama yake ni Mkanada, Kenneth Iverson, katika kitabu chake cha mwaka 1962, A Programming Language. Alitumia mkwaju: weka alama ya kujumlisha mbele ya mkwaju, namba zote za safu zinajumlishwa, weka ya kuzidisha, zinazidishwa, weka ya kuchagua kubwa, inabaki ile kubwa kupita zote. Mstari mmoja ukachukua nafasi ya maelekezo marefu ya kupita namba moja moja. Wazo hilo likaingia katika lugha ya Python kwa maktaba ya Numeric ya Jim Hugunin, mwaka 1995, kisha NumPy ya Travis Oliphant, iliyofika toleo la 1.0 mwaka 2006. Humo unautaja mhimili unaotaka kuukunja kwa namba, na kuhesabu kunaanzia 0, sijui kwa nini wanatutesa hivyo.

Sasa tufike penye utamu. Duka la kwanza limeuza khanga 20 kila siku kwa siku 6. La pili limeandika siku 2 tu, khanga 60 kila siku. Siku 4 zilizobaki daftari ni jeupe. Wastani kwa siku ni ngapi? Ukijaza sifuri penye weupe, 240 kwa 12, jibu ni 20. Ukiruka weupe, 240 kwa 8, unapata 30. Ukichukua wastani wa kila duka halafu wastani wa hizo wastani, 20 na 60, unapata 40. Daftari ni lile lile, majibu matatu, na hakuna aliyekosea kujumlisha!

NumPy ina alama maalum ya chumba cheupe: "si namba". Na ina ukali wake, ukijumlisha namba elfu moja na "si namba" moja ndani yake, jibu zima ni "si namba". Kuna amri nyingine inayohesabu weupe kama sifuri, jumla inatoka safi kabisa. Hiyo ya pili naiogopa, na nitakwambia sababu.

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao kambi yao ilikuwa hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Walibeba chakula na risasi wakimfukuza von Lettow-Vorbeck porini, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Mimi naandika riwaya juu ya mmoja wao. Nimemwita Mrisho, jina la kubuni, kwa sababu kumbukumbu za wengi wao hazikuwa kamili, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza iliamua wakumbukwe kwa sanamu za pamoja, pasipo majina. Ya kwetu ni ile ya Askari, Mtaa wa Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake, yaliyotungwa na Kipling, yanawataja wapagazi kwa ujumla, na askari kwa ujumla. Mhimili wa watu umekunjwa, imebaki sanamu moja, tena ya askari mwenye bunduki, si ya mtu mwenye mzigo kichwani.

Vyumba vyao vyeupe vilihesabiwa sifuri kwa karibu miaka mia. Aprili 2021 tume hiyo hiyo, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilisema waliokufa katika vita ile bila kukumbukwa kwa majina, au pengine bila kukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawapungui 116,000, na huenda wakafika 350,000. Kati ya namba hizo mbili kuna watu 234,000.