Mtoto wa Chiungutwa na Shule ya Mbali

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, akawaongoza bara. Nia ya kwanza ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, lakini safari ikaishia Masasi, penye majabali. Watu wale hawakuwa na kwao pa kurudi. Kwa hiyo misheni ililazimika kuwa nyumba yao, shamba lao na shule yao pamoja. Magwangwara waliposhambulia Masasi mwaka 1882, sehemu ya kazi ilihamishiwa Newala, na tangu hapo miji hiyo miwili imefungamana katika habari za elimu ya kusini. Chiungutwa imo katika nchi hiyo ya Masasi na Newala, ambako mama huzungumza na mwanawe Kimakua, Kiyao au Kimakonde, naye mtoto hukutana na Kiswahili cha vitabu mlangoni mwa darasa.

Yafaa kuukumbuka mwanzo huo, maana mazoea ya kumkusanya mtoto na kumlea mbali yalikuwa ya huruma kwa mtu aliyepokonywa kwao. Lakini mazoea yalidumu hata sababu yake ilipokwisha, na elimu ya watoto wenye ulemavu iliyapokea bila kuyauliza.

Shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mwaka 1963 Walutheri walifungua ya Irente, Lushoto, na mwaka huo huo Wakatoliki wakafungua ya viziwi Tabora. Masasi nako ikawapo shule ya wasioona. Zote zilikuwa kazi ya dini kabla Serikali haijaingia kwa nguvu, na desturi yao ilikuwa bweni. Sababu ilikuwa ya haki: mashine ya nukta nundu ni ghali, karatasi zake ni nene, na mwalimu aliyejua kuzisoma nukta zile sita kwa kidole alikuwa adimu. Palipo na mwalimu mmoja, hapana budi wanafunzi wamfuate. Hata hivyo mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka saba, akarudi likizo moja kwa mwaka, alijifunza kusoma na huku akisahaulika katika ua wa nyumba yao. Wenzi wa rika lake walikua bila yeye.

Lugha yenyewe ina ushahidi wake. Kipofu, kiziwi, kilema: maneno haya yamewekwa katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kisu. Lakini hakuna Mswahili asemaye “kipofu kimekuja”, husema “amekuja”. Jina limevikwa vazi la kitu, na sarufi ikakataa kumtendea mwenye jina kama kitu. Siku hizi maandishi ya Serikali yanasema “asiyeona” na “mtu mwenye ulemavu”, na ni vema. Ila uungwana ule wa upatanisho wa sentensi ni wa zamani kuliko sera yoyote.

Vijiji vya nchi ya kusini vilikusanywa mapema, kwa sehemu kwa sababu ya vita vya ukombozi wa Msumbiji ng’ambo ya Ruvuma. Azimio la Musoma la 1974 likaamuru elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto wa miaka saba shuleni. Shule sasa ilikuwa karibu na mlango. Hapo ndipo lilipodhihirika jambo ambalo umbali ulikuwa umelificha: mtoto mwenye ulemavu aliweza kukaa hatua chache kutoka shuleni na bado asiwemo daftarini. Mchanga wa Uwanda wa Makonde hulizamisha gurudumu la kiti, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hana muda wa kumsomea mmoja yaliyoandikwa ubaoni.

Tena pana mtoto mwingine ambaye hahesabiwi. Uwandani maji yalikuwa shida kuu. Wanawake waliyafuata mabondeni, mpaka mradi wa Makonde ulipoanza kuyapandisha kwa pampu katika miaka ya 1950. Penye uhaba wa maji ya kunawa uso ugonjwa wa vikope hustawi. Humshika mtu utotoni, humrudia mara nyingi, kisha humpofusha ukubwani. Basi mara nyingi asiyeona ni bibi, na mjukuu mwenye macho mazima ndiye ashikaye ncha ya fimbo na kuikosa shule.

Wazo la kuwafundisha pamoja halikungoja wageni. Dar es Salaam, katika shule ya Uhuru Mchanganyiko, wasioona walikuwa wakisoma na wenzao wanaoona tangu miaka ya 1960. Azimio la Salamanca, nchini Hispania, lilikuja 1994. Majaribio ya elimu jumuishi yakaanza Temeke mwaka 1998. Sera ya Taifa ikatolewa 2004, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu 2010.

Lakini neno “jumuishi” linafunika watoto wasiofanana. Asiyeona anaishi ndani ya lugha ya nyumba yake. Akipata kibao cha nukta nundu na mwalimu anayepita mara kwa mara, darasa la kijijini laweza kumtosha, na kumpeleka bwenini ni hasara. Kiziwi sivyo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi katika nyumba ya wanaosikia hukua bila lugha kamili, kwa ishara chache za kuomba maji na chakula. Lugha ya Alama huipata penye viziwi wenzake, na kumketisha peke yake kati ya watoto arobaini wanaosikia ni kumwacha bubu katikati ya umati, ingawa daftari litamhesabu kuwa amejumuishwa. Wengi wa viziwi waliosoma walipewa lugha yao na bweni, lile lile lililowatenga na mama zao. Mama wa Chiungutwa mwenye mtoto wa namna hiyo bado anatakiwa kuchagua kati ya mawili hayo, na aghalabu humchagulia mtoto wake akiwa kituo cha basi, sanduku la bati likiwa tayari juu ya gari.