Shule ya Sekondari Kibaha: Wanafunzi na Ufaulu Wao

Shule ya Sekondari Kibaha, iliyopo mkoani Pwani, ni shule ya Serikali ya bweni ya wavulana, iliyo chini ya Shirika la Elimu Kibaha. Ilianzishwa mwaka 1965 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki.

Shule hiyo ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu, sawa na Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza huchaguliwa kutoka mikoa mbalimbali kwa kuzingatia alama za juu katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Katika mtihani wa Kidato cha Nne, daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17 katika masomo saba bora ya mtahiniwa. Watahiniwa wengi wa Kibaha hufikia daraja hilo.

Hata hivyo, shule ya kata hupokea watoto wa viwango vyote kutoka eneo lake, hivyo kuzilinganisha kwa madaraja pekee si haki. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Mzazi anashauriwa kulinganisha matokeo ya shule husika na yake yenyewe ya miaka iliyotangulia.